Kamari ikipigwa marufuku, mtu anaacha kweli?

Mama Wawili:
Wadau, naomba mawazo yenu, hasa mliopitia haya. Mdogo wangu anabeti. Alianza na mikeka ya mpira mwisho wa wiki; sasa hata saa nane za usiku yuko macho, anacheza ligi ambazo timu zake hazijui. Mshahara ukiingia haulali. Kila ninayemweleza anasema serikali ipige marufuku kamari yote na mambo yataisha. Natamani iwe hivyo. Lakini huyu simu analala nayo. Sheria itamfikia kitandani?

Mkweli:
Ipigwe marufuku, hakuna mjadala. Kitu kinachokula chakula cha watoto hakistahili leseni.

Mzee wa Ushauri:
Mama Wawili, pole sana. Nimekaa na wacheza kamari wengi na familia zao. Jibu langu ni kwamba inategemea marufuku inagusa nini.

Norwei mwaka 2007 iliondoa mashine za kamari zilizokuwa zimejaa madukani. Kamari ilipungua, na hata simu za kuomba msaada zikapungua. Mashine ile humeza dau kila baada ya sekunde chache, na mtu alikuwa anakutana nayo akienda kununua maziwa tu. Ilipoondoka, wengi hawakuitafuta kwingine. Baadaye serikali ilileta nyingine, lakini za kadi, zenye kikomo cha pesa unazoweza kupoteza.

Sasa angalia Nevada, Marekani. Walikataza kamari mwaka 1909, michezo ikaendelea kwa siri, na mwaka 1931 wakaihalalisha tena.

Simu ni ngumu zaidi. Tovuti ikifungwa, kesho inaibuka kwa anwani nyingine, na mwenye nayo yuko nchi ya mbali. Huyo haulizi umri, wala hatamfungia mtu anayeomba afungiwe.

Mkweli:
Kwa hiyo tukae tu?

Mzee wa Ushauri:
Hapana, ndugu yangu. Wale wanaojaribu mara moja moja marufuku inawaokoa, na hao ni wengi. Ila aliyekwisha kunasa anahitaji zaidi ya sheria. Uingereza tangu Aprili 2020 haimruhusu mtu kubeti kwa kadi ya mkopo. Singapore ndugu wa karibu anaweza kuomba jamaa yake azuiwe kuingia kasino. Hatua kama hizo zinamgusa yeye mwenyewe.

Mama Wawili:
Shikamoo mzee, na asante. Hapo kwa ndugu pamenigusa. Sasa anadaiwa, na ananililia nimlipie. Nifanyeje?

Mzee wa Ushauri:
Marahaba mwanangu. Usimpe pesa mkononi, hata akiapa. Kaeni pamoja, aandike anadaiwa na nani na kiasi gani, bila kuficha. Ukiamua kusaidia, mlipe mdai moja kwa moja. Na kabla hujalipa chochote, aombe kufungiwa kila akaunti ya kubeti aliyonayo, wewe ukiwa umekaa hapo hapo unaona.