Naomba ushauri: kumwelekeza mfanyakazi aliyenizidi umri

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Nasimamia kikosi cha upokeaji korosho kwenye ghala moja hapa Mtwara. Mmoja wa wapima ubora ni mzee wa rika la baba yangu, mtu wa Newala, na korosho anazijua kweli. Akizitikisa kiganjani anakwambia zimekauka au bado, na mara nyingi hakosei.

Shida ni kuandika. Kipima unyevu hakigusi mpaka nimkumbushe, na fomu ya sampuli anaijaza jioni kwa kukumbuka. Kwenye stakabadhi ghalani (mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa risiti hadi yauzwe) hiyo ni hatari: mzigo wenye unyevu ukiingia, ukungu unashika na lawama zinakuja kwenye karatasi, si kwenye kiganja cha mtu. Vijana nao wameanza kumuiga, ila wao kiganja hicho hawana.

Nimeongea naye pembeni, kwa heshima zote. Akajibu, "Sawa bosi," na kesho yake yakawa yaleyale. Nikampa kijana wa kumwandikia, akanuna siku nzima. Barua ya onyo sitaki, maana nitampoteza na msimu wa Oktoba unakaribia.

Maswali yangu: nikimpa kazi ya kuwafundisha vijana kupima kwa mkono na kwa kifaa pamoja, ataona ni heshima au mtego? Na baada ya hapo nimfuatilieje bila kuonekana namsimamia kama mtoto?