AC inavuja maji ndani na mtoto anaamka koo kavu, ninunue hyumidifaya? (Mtwara)

mamaZ_Shangani
Habari za jioni wadau, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Nipo Mtwara mjini huku Shangani, chumbani tuna AC ya ukutani, sasa tangu joto lipambe moto inamwaga maji ukutani hadi rangi inabanduka, tumeweka beseni chini. Halafu mtoto wa miaka mitatu akilala humo asubuhi anaamka koo kavu na sauti imekauka. Jirani ananiambia ninunue hyumidifaya ile mashine ya kutoa mvuke, baba Z anasema fundi aje ajaze gesi. Nianze na lipi? Rimoti huwa tunaweka 18.

fundi_chikongola
Pole sana dada. Hyumidifaya acha kwanza, na gesi asijaze mtu kabla hajapima. Hayo maji ni unyevu wa humo humo chumbani, hewa yetu ya pwani imebeba maji mengi, ikigusa koili ya baridi (yale mabomba ya ndani ya AC yanayopoza hewa) inatoa jasho kama soda iliyotoka friji, linaangukia kwenye trei na kutoka nje kwa mpira. Mpira ukiziba trei inafurika ndo unaona ukutani. Washa AC kama nusu saa utoke nje uangalie, kama mpira hautoi hata tone na ndani kunavuja basi umeziba, humo utakuta ute mweusi na vumbi, saa nyingine mdudu kajenga, fundi anauzibua kwa blowa. Aangalie na mpira wote uwe unashuka, usiwe na sehemu imepanda.

Filta toeni wenyewe. Zima swichi ya ukutani, fungua kifuniko cha mbele, chomoa zile nyavu, osha kwa maji na sabuni kidogo, anika kivulini maana jua linazipinda. Kama inawaka kila siku fanya kila wiki mbili. Filta zikiwa safi na bado koili inaganda barafu hapo ndo tuongelee gesi, na gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua kuna mahali inavuja, paanze kuzibwa hapo.

mwanaLindi
Nyongeza dada, mimi nipo Lindi mjini karibu kabisa na bahari. Ile mashine ya nje msiisahau, chumvi ya upepo inakula yale mabati membamba ya alumini mpaka yanabomoka unga. Zima umeme kabisa, mwagia maji baridi taratibu, yasiwe ya kisima cha chumvi na usitumie presha kali, hayo mabati yatalala.

mjomba_Mikindani
Nimeishi Kanada miaka kadhaa, kule hyumidifaya ina kazi yake kwa sababu wakati wa baridi kali hewa ya nje ni kavu, ukiipasha kwa hita ndo inakauka zaidi mpaka midomo inapasuka. Inafungwa kwenye mtambo wa hita wa nyumba nzima, ndani ina pedi inayolowa maji, chokaa inaganda hapo, kwa hiyo pedi inabadilishwa walau mara moja kila msimu na kiangazi maji yanafungwa. Usipoitunza inaota ukungu na hewa hiyo inasambaa vyumba vyote. Na hata kule wanashauri unyevu wa ndani usizidi asilimia 50, mwanangu sisi hapa madirisha yakiwa wazi tu tumeshapita hapo, ukiongeza mvuke utaotesha ukungu kabatini na kwenye godoro la mtoto.

mamaZ_Shangani
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimetoka nje kuangalia, mpira mkavu kabisa! Na filta nimezitoa zimejaa vumbi hata mwanga haupiti. Fundi na rimoti niweke ngapi?

fundi_chikongola
Weka 25 au 26, feni ya chini, na upepo uelekeze juu usimpige mtoto usoni, hiyo 18 ndo inawakausha makoo. Mpe na maji kabla ya kulala. Ila sauti ikiendelea kukauka au ukimuona anahema kwa shida usisubiri fundi, mpeleke hospitali ya Ligula akaonwe.