Texas yadai talaka kwenye kikundi cha harusi

UKOO WA MZEE KOMBO – HARUSI YA MWANAIDI 💍
Jumamosi

Shaaban Lori: (picha) Shikamooni wakubwa. Nipo kituo cha malori karibu na Waco, nasubiri namba yangu ya kuoga iitwe. Oneni stika ya gari la mbele. Bendera ya nyota moja na neno TEXIT. Eti Texas ijitoe Marekani 😂

Da Mwana: Marahaba mwanangu. Umekula?

Shaaban Lori: Nimekula shangazi

Da Mwana: Wajitoe waende wapi?

Shaaban Lori: Wawe nchi yao. Baba mkubwa Rajabu yuko Houston, atueleze. Yeye ndiye Republican wa ukoo

Idi Mombasa: Usimwamshe. Uchaguzi uliopita alituandikia mpaka simu yangu ikajaa

Rajabu Houston: Niko macho. Dada shikamoo. Kwanza niweke sawa: mimi ni mhafidhina, si mtu wa kujitenga. Ni vitu viwili tofauti.

Idi Mombasa: Tofauti gani kaka, na chama ni kimoja?

Rajabu Houston: Kura tunaweza kuwapigia watu wale wale, sikatai. Lakini mhafidhina anataka Washington ibaki na kazi chache ilizopewa na katiba, yaliyobaki ni ya majimbo. Yamo kwenye Marekebisho ya 10 ya katiba. Ndiyo maana 2022 Mahakama ya Juu ilipofuta Roe, hukumu iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na suala la utoaji mimba likarudi majimboni, sisi tulishangilia. Kila jimbo liamue lake. Huyo mwenye stika anasema nibishane mpaka lini, naondoka.

Da Mwana: Kama mke aliyechoka

Rajabu Houston: Umesema dada. Tena kulikuwa na mbunge wa Georgia, Marjorie Taylor Greene, Februari 2023 aliandika kabisa kwamba majimbo mekundu (ya Republican) na ya bluu (ya Democrat) yaachane. Neno alilotumia ni hilo hilo, talaka.

Da Mwana: Haya, mume nani?

Zuhura Chuo: Mama 😂😂

Da Mwana: Nauliza kweli. Nimekaa mbele ya kadhi mara tatu, mbili kwa ajili ya ndugu na moja yangu mwenyewe. Asiyejua talaka iko mkononi mwa nani asifunge safari.

Zuhura Chuo: Basi mama swali lako lilishajibiwa 1869, kesi ya Texas dhidi ya White. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, majimbo ya kusini yalipojitoa, serikali ya waasi pale Texas iliuza hati fungani za jimbo. Vita vikaisha, Texas ikaenda kuzidai Mahakama ya Juu. Walioshtakiwa wakasema ninyi mlijitoa, si jimbo tena, hapa mnashtaki kama nani? Jaji Mkuu Salmon Chase akasema hawakuwahi kutoka. Ile hati ya kujitoa ilikuwa batili tangu siku ilipoandikwa. Muungano hauvunjiki na majimbo yake hayavunjiki.

Da Mwana: Hakuna mlango kabisa?

Zuhura Chuo: Aliacha miwili. Mapinduzi, au majimbo mengine yaridhie.

Da Mwana: Hiyo khului hiyo

Shaaban Lori: Khului ndiyo nini?

Da Mwana: We umeoa na hujui? Mke hana talaka mkononi. Akitaka kutoka mume aridhie, na yeye arudishe kitu, mahari au watakachopatana. Sasa Texas itarudisha nini?

Rajabu Houston: Hapo ndipo wenye stika wananyamaza. Kambi za jeshi za nani? Deni la taifa wabebe fungu gani? Wazee waliokatwa mshahara miaka 40 kwa pensheni ya Washington watalipwa na nani? Hata kituo cha kuongozea safari za anga za juu hapa Houston si mali ya Texas.

Da Mwana: Nyumba wamejenga wote

Rajabu Houston: Na kuna hesabu nyingine ambayo mhafidhina mwenye akili haisahau. Mwaka 2000 Bush wa Republican alishinda kwa kura 271 za wajumbe wa majimbo wanaochagua rais, dhidi ya 266 za Al Gore wa Democrat. Texas peke yake zilikuwa 32. Zitoe hizo uone rais angekuwa nani. Leo Texas ina 40. Tukiondoka, wenzetu wa Ohio na Florida tunawaacha na nani?

Idi Mombasa: Ila Texas ilikuwa nchi kaka. Ina bendera, ilikuwa na rais wake. Nasikia mkataba wao wa kuingia unawaruhusu kutoka

Zuhura Chuo: Hapana mjomba Idi, hiyo inasemwa sana lakini haimo. Ilikuwa nchi 1836 hadi 1845, kweli. Azimio la kuingizwa linasema eneo lake linaweza kuzaa majimbo mengine hadi manne, Texas yenyewe ikikubali. Kugawanyika humo humo ndani. Kutoka hakukutajwa.

Idi Mombasa: Hapa kwetu tulikuwa na Pwani si Kenya, waliotaka Pwani ijitenge. Wao walishika mikataba ya Sultani wa Zanzibar, 1895 na 1963, ukanda wa maili kumi. Kila anayetaka kutoka ana karatasi yake kabatini

Shemeji Salum Unguja: Mimi nasoma tu

Da Mwana: Shemeji endelea kusoma hivyo hivyo. Muungano haujadiliwi kwenye kikundi cha harusi.

Shemeji Salum Unguja: 🙏🏾

Rajabu Houston: Mnajua mji wangu umepewa jina la nani? Sam Houston. Alikuwa rais wa hiyo jamhuri, baadaye gavana. Mwaka 1861 Texas ilipojitoa akatakiwa aape utii kwa serikali ya waasi. Akakataa, wakamvua ugavana. Mtu aliyepigana Texas iwe nchi ndiye aliyekataa itoke Marekani. Si malaika, watumwa alikuwa nao. Lakini nikipita kwenye sanamu yake namkumbuka kwa hilo.

Rajabu Houston: Na sababu ya kutoka waliiandika wenyewe, hawakuficha. Utumwa. Wao na Texas yao wakapigwa, na tarehe 19 Juni 1865 jeshi likatua Galveston kutangaza kwamba watumwa wako huru. Galveston ni saa moja tu kwa gari kutoka kwangu, naenda kununua kamba wa baharini. Nina rafiki Mmarekani mweusi, mtu wa kanisa, kwa mambo ya familia na shule ni mhafidhina kunishinda. Mtajie stika hiyo uone uso wake.

Zuhura Chuo: Mjomba, hao wanaotaka kutoka hawana hoja hata moja?

Rajabu Houston: Wanazo. Wanasema Marekani yenyewe ilizaliwa kwa kujitoa, 1776, kwa hiyo watu wana haki ya kuacha serikali iliyowachosha. Na kwamba majimbo ndiyo yaliyoufanya muungano, mwenye kufunga fundo anaweza kulifungua. Si hoja za kipuuzi. Ila Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu ambaye sisi wahafidhina tunamweka juu kuliko wote, aliulizwa hilo na mwandishi mmoja wa filamu mwaka 2006. Akamjibu kwa barua kwamba kama kuna jambo la katiba ambalo ile vita ililimaliza, ni hili: haki ya kujitoa haipo. Akamkumbusha na kiapo cha bendera, taifa moja lisilogawanyika.

Rajabu Houston: Wanangu walikikariri kila asubuhi shuleni. Wakimaliza hicho wanageukia bendera ya Texas, nayo ina kiapo chake. Mnajua kinasemaje? Jimbo moja chini ya Mungu, moja lisilogawanyika 😄

Idi Mombasa: Kwa hiyo Texas yenyewe haitaki kuachwa

Shaaban Lori: Mimi njia ya Oregon naona mabango mengine. Mashariki kule, mashamba matupu, wanataka mpaka usogezwe waingie Idaho. Nchini wabaki, ila watoke mikononi mwa watu wa Portland, mji mkubwa wa Oregon

Zuhura Chuo: Hao angalau wanafuata mlango. Ibara ya 4 ya katiba inataka mabunge ya majimbo yanayohusika yakubali, na Bunge la taifa likubali. West Virginia ilimegwa Virginia hivyo 1863, ingawa ridhaa ya Virginia ilitolewa na wabunge waliobaki upande wa muungano, nusu ya jimbo ikiwa vitani.

Rajabu Houston: Hao wa Oregon nawaunga mkono. Kaunti 13 zimeshapiga kura kusema ndiyo. Ni kuhama chumba, nyumba ile ile. Oregon haitakubali, lakini kuomba si dhambi.

Idi Mombasa: Na gavana wenu na ule waya wa miba? Si kujitenga kule?

Rajabu Houston: Wa Eagle Pass, mpakani na Mexico, wa kuzuia wahamiaji, Januari 2024. Pale nilikuwa na gavana Abbott, sifichi. Mahakama ya Juu, 5 kwa 4, ikaruhusu askari wa Washington waukate waya. Yeye akajibu kwa Ibara ya 1, kwamba jimbo likivamiwa lina haki ya kujilinda. Magavana 25 wa Republican wakamuunga mkono. Unaweza kubisha kama wahamiaji ni uvamizi. Lakini hakusema naondoka. Aliwaambia fanyeni kazi yenu.

Zuhura Chuo: Mjomba nawe ni mhamiaji

Rajabu Houston: Niliyeingia na karatasi, mama. Nikasubiri miaka, nikainua mkono nikaapa kuilinda katiba ile. Hicho kiapo ndicho kinachonizuia stika.

Da Mwana: Msianze ya wahamiaji. Rajabu, nijibu moja. Wakikuletea fomu ya hiyo talaka, utatia saini?

(Rajabu Houston anaandika…)

Rajabu Houston: Ujumbe huu umefutwa

Idi Mombasa: AMEFUTA! Nimeuona!

Zuhura Chuo: Ulisemaje mjomba Idi???

Idi Mombasa: Aseme mwenyewe

Rajabu Houston: Nilishatia. 2023.

Shaaban Lori: 😂😂😂😂 baba mkubwa!

Rajabu Houston: Subirini. Ilikuwa ya kuomba swali liwekwe kwenye kura ya mchujo ya chama, wapiga kura waulizwe tu. Mimi ningesema hapana. Na chama chenyewe kiliikataa Januari 2024, kikasema imechelewa na saini nyingi hazikidhi sheria.

Da Mwana: Hutaki talaka lakini umekubali kuwa shahidi wake

Rajabu Houston: Dada, aliyeileta ni jirani yangu. Februari 2021 barafu ilipoanguka, umeme ulikatika nyumba zaidi ya milioni 4 Texas nzima. Mabomba yakapasuka, nikaamka zulia linaelea. Mama watoto anapumulia mashine, ile ya pumu. Huyo mzee mwenye stika alipitisha waya juu ya ua kutoka kwenye jenereta yake mpaka jikoni kwetu, siku tatu, akalala na taa moja yeye. Serikali ilihesabu vifo 246 msimu ule. Sasa mtu huyo anabisha mlango na kalamu, nimwambie nini?

Zuhura Chuo: Na umeme ulikatika vile kwa sababu gridi ya Texas imejitenga na ya wenzao 🙈

Rajabu Houston: Najua. Miaka yote hawakutaka kanuni za Washington, basi siku ile hata wa kuwaazima umeme wa kutosha hakuwapo. El Paso, iliyoungwa na gridi ya magharibi, taa zao ziliwaka. Nilimwambia hivyo jirani pale pale mlangoni.

Idi Mombasa: Akasemaje?

Rajabu Houston: Akacheka, akaniambia saini hapa.

Shaaban Lori: Namba yangu imeitwa, naenda kuoga

Da Mwana: Rajabu, mchango wako bado haujaingia. Na huyo jirani mwalike. Aje na jenereta yake, ukumbi tuliopata wamesema ya kwao mbovu.