Matembezi mepesi msituni kwa basi: mnapangaje ili msikose gari la kurudi?

Kiatu Kipya
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kupanga matembezi ya msituni nje kidogo ya jiji, kwenda na kurudi kwa basi. Tutakuwa watu wazima wawili, watoto wa miaka 7 na 10, na mama wa miaka 68 anayetembea vizuri tambarare ila magoti humsumbua kwenye mteremko. Ramani ya karatasi ya 1:25,000 ninayo, ratiba ya basi ninayo. Nimechora mzunguko wa kilomita 6 unaopanda jumla ya mita 120. Muda wake nitaukadiriaje? Ni bora kurudi kituo kilekile au kushukia kimoja na kupandia kingine? Na kwa watu wanaotegemea basi, mambo huharibikia wapi?

Hesabu Kinyume
Mkuu, anza na basi la kurudi, kisha hesabu kuelekea asubuhi. Wengi hupanga saa ya kuondoka nyumbani, na ya kurudi wanaiacha ijipange yenyewe. Hapo ndipo watoto hujikuta wamesimama gizani kando ya barabara.

Usilenge basi la mwisho. Lenga linalotangulia la mwisho, ili la mwisho libaki akiba. Tuseme la mwisho ni saa 12:20 jioni na la kabla yake ni saa 11:20. Kuwa kituoni saa 11:05.

Sasa muda wa njiani. Kanuni inayotumika zaidi ni ya Mskoti W. W. Naismith, ya mwaka 1892: maili 3 kwa saa, na saa 1 ya ziada kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa kipimo chetu ni kama kilomita 5 kwa saa, pamoja na dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Lakini ile ni kasi ya mtu mzima mkakamavu asiyesimama. Kwa kundi lako weka kilomita 3 kwa saa:

Kilomita 6 ni saa 2. Kupanda mita 120 ni dakika 12. Kula dakika 30, na kupumzika dakika 10 kwa kila saa, yaani 20. Jumla saa 3 na dakika 2. Ongeza robo yake kwa ajili ya tope, kamba za viatu na mtoto aliyeona kipepeo: dakika 45 hivi. Inafika saa 3 na dakika 47. Ukitoa kwenye 11:05 unapata saa 7:18 mchana. Kwa hiyo basi la kwenda likushushe kabla ya saa 7 mchana. Likichelewa hata nusu saa, msianze mzunguko wote, fanyeni kipande.

Tena, chini ya miti giza huingia mapema kuliko barabarani. Karibu na ikweta ni kali zaidi, kwa sababu jua hushuka wima na mwanga wa baada ya machweo hudumu kama dakika 20 tu. Kwenye nchi za mbali na ikweta machweo huvuta muda. Tochi ndogo ibebwe hata kama unaenda mchana.

Ratiba Mkononi
Naongezea upande wa basi, maana hapo ndipo kuna mitego.

Soma herufi ndogo chini ya ratiba kabla hujasoma saa zenyewe. Alama ya nyota au herufi kando ya saa mara nyingi ina maana basi hilo hukimbia siku za shule tu, au haliendi Jumapili na sikukuu. Basi zuri kabisa la saa 11:20 linaweza kuwa la wanafunzi, na likizo ikifika halipo. Angalia pia ratiba inaanza kutumika tarehe gani.

Ukishuka, usikimbilie msituni. Tafuta kwanza kituo cha kurudi kwa macho yako. Si lazima kitazamane na ulichoshukia, kinaweza kuwa mita 80 mbele, nyuma ya kona. Na pale ambapo njia ya basi inaishia, mara nyingi gari huzunguka kijiji upande mmoja tu, hivyo unapandia palepale uliposhukia. Ukivuka barabara utaliona likipita upande wa pili. Muulize dereva kabla ya kushuka: "Wa kurudi jijini wanapandia wapi?" Kisha piga picha bango la kituo.

Vituo vingi vya mashambani basi halisimami kama hakuna ishara. Simama mahali dereva anakuona kutoka mbali, nyoosha mkono mapema. Kukaa kwenye benchi ndani ya kibanda ukiangalia simu ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupitwa.

Kuhusu mzunguko au mstari: mstari kutoka kituo hadi kituo ni raha ambayo mwenye gari haipati, kwani yeye lazima arudi alipoegesha. Ukichagua mstari, anzia upande wenye mabasi machache, umalizie barabara kuu yenye mengi. Asubuhi unaweza kulenga basi moja kwa usahihi. Jioni na uchovu huwezi.

Mistari ya Kontua
Napingana kidogo na ndugu hapo juu. Kwa watoto na mzee, mstari una kasoro moja kubwa: ukifika katikati, kurudi ni mbali sawa na kwenda mbele. Mimi ningechora namba 8. Mizunguko miwili midogo ya kilomita 3, inayokutana karibu na kituo cha basi. Baada ya wa kwanza, aliyechoka anabaki au mnarudi nyote, na hakuna aliyeharibiwa siku yake.

Kupima umbali tumia uzi. Kwenye 1:25,000, sentimita 4 za uzi ni kilomita 1, hivyo kilomita 6 ni sentimita 24. Ulaze uzi ukifuata kila kona ya njia, kisha ongeza sehemu moja ya kumi, maana njia halisi hupinda kuliko ilivyochorwa.

Halafu tazama mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Inapokaribiana mteremko ni mkali, inapoachana ni wa taratibu. Inapokunja kama V yenye ncha inayoelekea kwenye mistari ya namba kubwa, hilo ni bonde, na chini yake kuna kijito au tope hata kama ramani haijachora maji. Weka alama ya penseli kila mahali njia yako inapokata bonde la namna hiyo. Ndipo viatu vya watoto vitalowa, na ndipo ratiba yako itakula dakika.

Msituni watu hupotea kwenye makutano. Njia za wakata miti huonekana pana na safi kuliko njia halali, na nyingi hazimo kwenye ramani. Kwa hiyo kwa kila kipande jiwekee vitu viwili: kitu cha kufuata kando (kijito, uzio, ukingo wa msitu), na kitu cha kukusimamisha, yaani barabara au mto ambao ukiufikia unajua umepitiliza. Kama hesabu inaonyesha makutano yako yapo mita 300 mbele, hesabu hatua. Mtu mzima wa kawaida hupiga mguu wa kulia mara 60 hadi 65 kwa mita 100 za tambarare. Zikifika 210 na hujaona kitu, simama. Rudi mpaka pale ulipokuwa na uhakika. Usikate porini kutafuta njia ya mkato.

Simu ni msaidizi mzuri. GPS haihitaji mtandao, inahitaji anga. Pakua ramani nyumbani, ifungue ukiwa bado kituoni ili ipate setilaiti mapema, kisha weka hali ya ndegeni kuokoa betri. Chini ya majani mazito au bondeni ile nukta huhamahama, basi usiiamini kwa mita 10 au 20.

Jani Bichi
Mawili ya usalama. Upepo mkali ukivuma, ahirisha. Tawi lililokufa likining'inia juu halitoi taarifa, na mahali pa kula pawe pale ambapo ukitazama juu huoni matawi makavu.

La pili ni kupe. Tembeeni katikati ya njia, suruali ndani ya soksi, na mkirudi kagua nyuma ya magoti, kinena, kwapa, na kwa watoto nyuma ya masikio na pale nywele zinapoanzia. Ukimkuta, mkamate kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, mvute juu taratibu bila kuzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe. Homa, au wekundu unaotanuka kama duara ndani ya wiki chache, ni safari ya hospitali. Kwenye misitu ya Ulaya na Marekani unaweza kuwa ugonjwa wa Lyme, ambao unatibika vizuri ukiwahiwa.

Kiatu Kipya
Asanteni sana. Nimeangalia ratiba: basi la 11:20 kweli lina nyota, ni la siku za shule. Nahamia la saa 10:35, na nachora namba 8. Limebaki la mama na mteremko.

Hesabu Kinyume
Vizuri. Basi saa zote zisogeze nyuma dakika 45: mwe mmeshuka kabla ya saa 6:15 mchana.

Kwa mama, geuza uelekeo wa mzunguko ili kupanda kuwe kwenye mkali na kushuka kuwe kwenye kontua zilizoachana. Goti huumizwa zaidi na kushuka. Fimbo mbili husaidia: tambarare, kiwiko kikunje pembe mraba. Kwenye mteremko zirefushe sentimita 5 hadi 10, na fimbo itangulie kugusa chini kabla ya mguu. Hatua ziwe fupi.

Kabla ya kushuka mfunge kamba upya. Apige kisigino chini ili kikae nyuma kabisa ya kiatu, kaza kamba pale kiatu kinapokunja juu ya wayo, kisha funga. Kama kuna tundu la ziada juu kabisa, pitisha kamba ndani yake upande uleule ibaki kitanzi kidogo, vusha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, funga. Kisigino kinashikwa, na vidole havigongi mbele. Vidole vikigonga, mtu huanza kukanyaga kwa woga.