Mnaotengeneza diski za nje, andikeni ukweli kwenye boksi!

Wakuu, nimechoka na huu ujanja, leo nausema wote.

Nahamisha mafaili kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya, gigabaiti 500 hivi: picha, video, kazi za miaka na miaka. Nikatafuta diski ya nje mpya ya terabaiti 2. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa, gigabiti 5 kwa sekunde. Nikaanza kukopi. Mwanzoni mambo safi, megabaiti 120 kwa sekunde. Baada ya muda ule mchoro wa kijani wa Windows ukaporomoka: 40, 20, 8, mpaka sifuri. Unakaa hapo chini, unanyanyuka kidogo, unaanguka tena. Muda uliobaki unasoma saa moja, ukigeuza macho unasoma saa tisa. Diski imechemka na inakwaruza ndani bila kupumzika.

Kwanza hiyo namba ya kwenye boksi. Gigabiti 5 (biti, siyo baiti; biti nane ndiyo baiti moja) ni uwezo wa njia ya USB, na diski yenyewe haiufikii hata kidogo. Ukitoa gharama za usimbaji, yaani biti za ziada zinazosafiri pamoja na data, njia hiyo inabeba kama megabaiti 500 kwa sekunde, lakini diski ndogo ya kuzunguka inaishia megabaiti mia na kitu. Wanajua hivyo, ila wanaandika namba ya barabara badala ya namba ya gari.

Majina nayo ni vurugu tupu. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008. Mwaka 2013 wanaosimamia viwango vya USB wakaibatiza USB 3.1 Gen 1, mwaka 2017 ikawa USB 3.2 Gen 1. Kasi ni ileile gigabiti 5! Mnunuzi wa kawaida atajuaje?

Nikawaandikia huduma kwa wateja wa hiyo kampuni. Jibu: badilisha kebo, ikishindikana fomati diski. Fomati! Mtu ana mafaili yake ndani, mengine keshayafuta kule yalikotoka, halafu unamwambia afute kila kitu bila hata kumuuliza kama ana nakala nyingine. Hilo limeniudhi kuliko kasi yenyewe.

Kebo na tundu nilishavikagua kabla ya kuwaandikia. Ni kweli ukichomeka kwenye tundu la USB 2.0, au ukitumia kebo ya Type-C iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchaji, unabanwa kwenye megabiti 480, ambazo kiuhalisia ni megabaiti 30 mpaka 40 kwa sekunde. Gigabaiti 500 hapo zinakula kama saa nne. Lakini dalili yake ni tofauti: kasi inakuwa ndogo tangu mwanzo na inabaki palepale. Yangu inaanza vizuri ndipo inakufa. Mafaili madogo madogo kwa maelfu nayo yanachelewesha, na antivairasi inayokagua kila faili inaongeza balaa, ila kasi ilipoporomoka nilikuwa nakopi fungu la video kubwa tupu.

Kumbe diski ni ya SMR (Shingled Magnetic Recording). Kwenye aina hii, mistari ya data imelaliana kama vigae vya paa ili ziingie gigabaiti nyingi kwenye sahani ileile. Ukitaka kuandika upya mstari mmoja, inabidi na majirani zake waandikwe upya. Ili usigundue, wameweka sehemu ndogo ya kupokea data haraka. Ikijaa, diski inapanga ilichopokea huku wewe unazidi kuisukumia kingine, na hapo ndipo inapozama. Kusoma hakuna shida, ndiyo maana kutoa mafaili kwenda kompyuta mpya kulikwenda vizuri.

Teknolojia yenyewe sina ugomvi nayo, kwa kuhifadhi nakala za muda mrefu inafaa. Hasira yangu ni kwamba neno SMR halipo kwenye boksi, halipo kwenye kijitabu, na muuzaji ukimuuliza anakutolea macho. Mwaka 2020 ilishalipuka kashfa ya watengenezaji wakubwa kuuza diski za SMR bila kuwaambia wateja. Bado tunabahatisha!

Kwa aliyekwama kama mimi: kopi kwa mafungu, kila fungu likiisha acha diski imechomekwa bila kazi mpaka utulie ule mkwaruzo, ndipo uendelee. Usiichomoe ikiwa katikati ya kujipanga. Mafaili madogo yafunge kwenye faili moja la zip kwanza. Na usifute chochote kwenye kompyuta ya zamani mpaka umefungua mafaili kwenye mpya na kuona yamefika salama.

Mwenye diski ya nje ambayo ameijaza gigabaiti mia kadhaa kwa mkupuo na kasi haikuporomoka, aweke hapa namba kamili ya modeli, ile ya nyuma ya diski. Jina la boksi halitusaidii, maana ndani ya boksi la jina lilelile wanaweza kubadilisha diski bila kusema.