Wamebomoa slebu, wamebeba vyuma, wameniachia kifusi langoni

Wadau, mnivumilie, naandika nikiwa na hasira na vumbi puani. Leo ni siku ya 19 gari langu limefungiwa ndani ya ua kwa sababu lango limezibwa na kifusi ambacho nililipa kiondolewe. Mama yangu, mwenye magoti mabovu, anapita ubavuni akishika ukuta kama mtu anayevuka mto.

Nianze mwanzo.

Tunaishi Nairobi, upande wa Embakasi, nyumba ya marehemu Baba. Mwaka 1996 alimwaga slebu, yaani sakafu nene ya zege lenye vyuma, mbele ya nyumba, mita 7 kwa 5, akasimamisha na nguzo nne. Alikusudia duka chini na chumba cha kupangisha juu. Duka halikujengwa kamwe. Slebu ikawa baraza letu: tumeanika nguo hapo, tumechambua mboga hapo, hata matanga yake mwenyewe tulikaa hapo. Mama aliipaka ile rangi nyekundu ya sakafu na kuisugua kwa nta kila Jumamosi, ukipita na soksi unateleza. Ikumbukeni hiyo rangi nyekundu, itarudi.

Sasa huku kwetu udongo ni ule mweusi, blakikotoni. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza mguu. Usipouchimba wote ukajaza mawe na maramu, zege linakaa juu yake likicheza. Yetu iliinama taratibu kuelekea nyumbani. Mvua za Aprili 2024, zile zilizowabeba watu Mathare, maji yote ya ua yalikuja kusimama ukutani kwa chumba cha Mama. Plasta ikaanza kumenyeka, kitanda tukakisogeza. Tukakubaliana slebu iondoke, ua uteremkie barabarani.

Nikasema safari hii situmii vibarua wa kuokota kwenye kona. Nataka wataalamu. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Mtaalamu alikuja na kofia ngumu ya njano, koti la kung'aa na tableti mkononi. Alitembea juu ya slebu, akaipiga kisigino mara mbili, akatega sikio kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. "Inchi nne hii, madamu. Siku mbili tumemaliza." Nikamuuliza kuhusu kibali cha kaunti, akasema slebu si nyumba, nisijisumbue. Hapo kosa ni langu, sikufuatilia. Kesho yake akanitumia kwenye WhatsApp karatasi nzuri yenye nembo, muhuri na namba ya usajili wa NCA, ile mamlaka ya taifa ya ujenzi: "Kubomoa slebu na nguzo nne na kusafisha eneo, shilingi 95,000." Nikatuma 60,000 kwa M-Pesa. Jina lililotokea lilikuwa la mtu, si la kampuni. Nililiona. Nikabonyeza hivyo hivyo.

Jumanne wakaja vijana watatu. Kompresa, ile mashine ya hewa ya kuendesha nyundo ya kuvunjia zege, hakuna. Walikuwa na nyundo mbili kubwa, mtaimbo, na kango moja, nyundo ya umeme ya kuvunjia, ambayo waya wake umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Wakachomeka sebuleni kwangu. Fyuzi ikaruka mara nne, na tokeni za umeme nilizonunua za 1,000 zikaisha kabla ya saa saba mchana. Kijana wa kango hakuwa na barakoa wala miwani. Alijifunga leso mdomoni, macho wazi, chembe zinaruka. Nilishindwa kutazama, nikaingia ndani nikamletea miwani ya kuogelea ya binti yangu, ya waridi, ina picha ya samaki. Aliivaa siku tatu. Akaniambia, "Asante mama, bosi alisema ataleta zetu." Bosi hakuleta. Vumbi la zege lina silika, wadau, likikaa kwenye mapafu halitoki. Yule kijana hana hata miaka 25.

Kufikia jioni walikuwa wamevunja sehemu isiyotosha kuweka meza. Bosi akapiga simu: "Madamu, slebu yako ni nene, si inchi nne. Ni nane. Itabidi uongeze 35,000." Nikamwambia aliyeipima ni yeye na kiatu chake. Akasema basi nitoe 10,000 tu ya mafuta ya kompresa, inakuja asubuhi. Nikatoa. Kompresa hiyo ninaisubiri kama wengine wanavyosubiri mvua.

Jumatano wakakata bomba la maji. Si bahati mbaya, nilikuwa nimewaonyesha linapopita na nikachora mstari kwa chaki. Lilipopasuka walilifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, wakaviringisha, wakafunga fundo. Liko hivyo mpaka sasa, linatiririka kidogo kidogo chini ya kifusi, yaani maji niliyotaka yaondoke ukutani sasa nayalipia bili yafike hapo.

Lakini Alhamisi ndiyo siku iliyonifungua macho. Vijana wale wale waliokuwa wanakwenda pole wakaamka moto. Hawakuwa wanavunja tena kuelekea nyumbani, walirudia kilichokwisha kuvunjwa. Mapande makubwa waliyapasua vipande vidogo kwa ustadi ambao sikuwa nimeuona, wakavuta vyuma kimoja kimoja, wakavinyoosha kwa nyundo, wakavikata kwa grainda, wakavifunga vifurushi kwa waya. Nguzo mbili za upande wa barabara ziliangushwa na kuchambuliwa kama samaki. Saa kumi na mbili jioni pikapu ikarudi nyuma hadi langoni, ikapakia vyuma, bosi mwenyewe akasimamia. Nikauliza, na kifusi? "Tunaenda kuleta lori, madamu."

Tangu hapo simu inaita hadi inakatika.

Ijumaa akajibu ujumbe mmoja tu. Nilimwandikia kwamba mkataba unasema kusafisha eneo. Akajibu, nanukuu: "Kusafisha ni kufagia. Kubeba ni kazi ingine." Neno moja, wadau. Nimelipa 70,000 kwa neno ambalo sikuuliza maana yake.

Hapana, sijamaliza. Usiku wa Jumapili lori lilikuja kweli, likachukua mzigo mmoja, mimi nikiwa kwenye mkesha wa jamaa yetu. Mama akafurahi, akawaambia Mungu awabariki. Jumatatu asubuhi askari wawili wa kaunti wako langoni, mmoja ameshika kipande cha zege chenye uso mwekundu unaong'aa. Mzigo ulikuwa umemwagwa kwenye mtaro wa maji, mita 300 kutoka kwangu. Majirani hawakuhitaji upelelezi, mtaa mzima unaijua sakafu ya Mama. Nikapewa siku tatu kuutoa. Nilikodi mikokoteni kwa pesa yangu na mtaro ukazibuliwa. Mzee wa nyumba ya pili, tuliyeheshimiana miaka yote, sasa salamu zake ni za kukohoa.

Baadaye mwenzangu wa kanisani akanitumia mzee mmoja aliyesimamia mijengo miaka mingi. Hakuvaa hata kofia. Alichukua drili yenye kijiti kirefu, akatoboa tundu moja kwenye sehemu iliyobaki, akaingiza waya uliokunjwa ncha kama ndoana, akaunasisha chini, akaweka kidole juu, akaupima kwa futi kamba. Sentimita 20. Dakika kumi hazikuisha. Halafu akaniketisha tukapiga hesabu kwenye daftari la mtoto. Mita 7 mara 5 mara 0.2 ni mita 7 za ujazo. Zege lenye vyuma, kila mita ya ujazo ni karibu tani 2.4. Slebu yote, kama tani 17, na bado hujagusa nguzo. Likishavunjwa linajaa hewa, nafasi linayotaka inakuwa mara moja na nusu. Hiyo ni kenta ya tani nne, safari nne au tano. "Sasa mama," akaniuliza, "mtu aliyekuja na pikapu alitaka kubeba nini?"

Akaokota kipande cha chuma walichodondosha. Milimita 12, kimepangwa kila sentimita 20 pande zote mbili. Baba alijenga kwa ajili ya ghorofa, hakubana. Kwa slebu nzima ni zaidi ya mita 350 za chuma, na mita moja ina karibu kilo 0.9. Wamevunja theluthi mbili. Yaani walitoka hapa na kilo 200 na ushei, ukiacha nguzo, na 70,000 zangu mfukoni. Mimi niliwalipa waje wanunue vyuma vyangu bure.

Theluthi waliyoacha ni ile ya upande wa nyumba, ndiyo ngumu. Mzee akaeleza kwamba hapo huanzi kwa nyundo. Unakata kwanza mfereji kwa msumeno wa zege sambamba na ukuta, slebu iachane na msingi, ndipo upige. Bila hivyo kila pigo linaingia nyumbani. Alipotaja hilo nikampeleka chumbani kwa Mama nikamwonyesha ufa mpya juu ya dirisha, akanyamaza. Akasema pia kuna unga wa chokaa maalumu, unalitoboa zege matundu, unaukoroga unga na maji na kuyajaza, unavimba polepole na kulipasua bila kelele wala mtikisiko. Si wa bei rahisi, lakini karibu na ukuta wa zamani anaupenda kuliko nyundo.

Namba ile ya NCA niliitafuta kwenye tovuti yao baada ya kulia. Ipo. Ni ya kampuni nyingine, jina lingine, mambo ya barabara. Ingenichukua dakika mbili kabla ya kutuma pesa.

NYONGEZA, Jumapili jioni

Nimesoma majibu yenu. Anayesema ningetumia vijana wa mtaani kwa 20,000: labda, ila vijana wa mtaani nao wangepeleka kifusi wapi? Hapo ndipo shida ilipo. Kubomoa kila mtu anaweza, hata mtoto ukimpa nyundo na hasira. Kifusi ndiyo kazi, na bei yote imejificha humo. Gari la kubeba taka linatakiwa liwe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na dereva akwambie anamwaga wapi. Akisema "kuna mahali", hapo mahali ni mtaro wa jirani yako.

Aliyeuliza kama nilikuwa na mkataba: nina ile karatasi, nina ujumbe wa M-Pesa, nina picha, na nina ule ujumbe wa kufagia. Nakwenda Milimani, Mahakama ya Madai Madogo. Wanasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sihitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nimeambiwa nimwandikie barua ya madai kwanza. Nimeandika. Nimeandika mara tatu, mbili za kwanza zilikuwa na matusi.

Msiniulize jina lake hapa, sitalitaja mpaka hakimu alitaje. Wanaomtambua kwa kisigino na tikiti maji, njooni faraghani, nimeshapata wawili. Mmoja wa Kasarani, mwingine Utawala. Wote wawili wameachiwa kifusi. Wote wawili vyuma vimekwenda.

Yule kijana wa miwani alipita leo mchana kunirudishia miwani ya binti yangu. Alikuwa ameiosha. Naye hajalipwa.

NYONGEZA YA PILI, Jumatatu

Amepiga! Saa mbili asubuhi, namba ngeni, sauti ile ile tamu. Moyo ukaruka, nikadhani barua imefika, nikamwita Mama asikilize, nikaweka spika.

"Madamu, habari ya siku nyingi. Zile nguzo mbili za huko karibu na nyumba, bado ziko na vyuma?"