Loki ya kisu ikiigwa baada ya hataza (patent) kuisha, huo ni wizi?

Wadau naomba tulijadili hili bila jazba. Nimenunua kisu cha kukunja Kariakoo, mimi fundi umeme kisu kinashinda mfukoni namenyea nyaya, sasa jamaa mmoja saiti akakishika akasema hiki feki, loki imeibwa kwa Benchmade, kampuni ya visu ya Marekani, na sisi tunaonunua tunasapoti wizi. Wiki nzima nalifikiria na bado sikubali.

Loki yenyewe iko hivi: kuna kijichuma kama kipande cha msumari kimelala kukatisha mpini, vispringi viwili vyembamba kama waya wa gitaa vinakisukuma, ukifungua tu kinajichomeka nyuma ya bapa na kukaba. Kufunga unakivuta kwa vidole viwili, makali hayakutani na mkono. Ile nyingine ya bati la ndani unalisukuma na dole gumba, na dole lako liko palepale bapa linaposhukia, mimi alama ninayo mpaka leo.

Sasa waliobuni hiyo ya kijichuma ni Bill McHenry na Jason Williams, Benchmade wakaitengeneza na hataza yake ya Marekani ikatoka 1998. Kule inalindwa miaka 20 tangu siku ulipoomba, basi, kwahiyo imeshaisha kitambo. Na ndo makubaliano yenyewe, wewe unaianika siri yako na michoro yote, serikali inakulinda uuze peke yako miaka hiyo, muda ukiisha ni mali ya kila mtu. Wamekula jasho lao na ni haki yao kabisa, ila huwezi kula makubaliano upande mmoja.

Halafu watu wanachanganya loki na jina. AXIS, jina walilolipa hiyo loki ya kijichuma, ni alama ya biashara yao, hiyo inaendelea, anayegonga nembo yao kwenye kisu ambacho hawakutengeneza huyo ni mwizi na simtetei. Hata ile ya bati, wazo lake lilipata hataza Marekani tangu 1906, mtengeneza visu Michael Walker akaja kuiboresha miaka ya 80 na akasajili jina LinerLock, loki wanatengeneza wengi ila jina ni lake. Chris Reeve, mtengeneza visu mzaliwa wa Afrika Kusini, loki yake ambayo kipande cha mpini wenyewe ndicho kinakaba bapa wala hakuikatia hataza, leo iko kila kona.

Kingine, hataza ya Marekani peke yake haina nguvu huku, anayetaka kulindwa Tanzania bara aombe BRELA, wakala wa usajili wa serikali, au apitie ARIPO, shirika la hataza la nchi za Afrika kule Harare, aitaje Tanzania. Hili linaniuma kwa sababu mafundi wetu wa Gerezani wana mikono ya kutengeneza hivi vitu, tukiwaambia kila kuiga ni wizi watabaki kuchonga majembe na majiko tu.

Ubora wa chuma tubishane, hapo nakubali vingine ni vibovu, springi inakatika ndani ya mwezi. Ila wizi? Anayesema ni wizi aniambie hapa, kwa hiki kisu changu kisicho na nembo ya mtu, nani ameibiwa na ameibiwa nini?